SOMO LA ROBO HII: Diski ya Kompyuta Huandika Makosa Yake, Tujifunze Kuyasoma



Mmezoea kusoma katika ukurasa huu masomo ya visima, mizinga ya nyuki na vikundi vya kuweka na kukopa. Robo hii tunajifunza juu ya kifaa kimoja kidogo ambacho kipo ndani ya karibu kila kompyuta ya ofisi, nacho kinabeba kumbukumbu za miradi hiyo yote. Kifaa hicho ni diski. Somo hili si la mafundi peke yao. Mwenyekiti wa kamati, mtunza hazina au mwinjilisti anayeweza kusoma kadi ya kliniki ya mtoto anaweza kulifuata hadi mwisho.

Kwa nini tunafundisha jambo hili

Miaka michache iliyopita ofisi yetu ndogo ya mradi hapa Chake Chake ilipoteza orodha ya kaya zilizoandikishwa kupata matangi ya kuvunia maji ya mvua. Kuandikisha kulikuwa kumechukua wiki sita. Tulipita shehia kwa shehia tukiongozwa na masheha na wajumbe wa kamati za maji, ambao karibu wote ni ndugu zetu Waislamu waliotupokea vizuri na kutupa muda wao. Ijumaa jioni kompyuta ilizimwa ikiwa inafanya kazi, ingawa kwa kusuasua. Jumatatu asubuhi haikuwaka. Nakala nyingine hatukuwa nayo, na sehemu kubwa ya karatasi za awali ilikuwa imeharibika kwa unyevu wa masika.

Ilitubidi kurudi kwa masheha, kuomba radhi na kuandika upya. Taarifa kwa wafadhili ilichelewa robo nzima. Hata hivyo, kilichotuuma zaidi ni swali la mama mmoja mzee aliyetuona tumerudi na madaftari: "Kwani mmetufuta?" Kwake yeye, jina lililopotea lilikuwa ahadi iliyovunjwa. Hakuwa na sababu ya kujua habari za diski.

Baadaye fundi aliichunguza diski ile. Ilikuwa bado inazunguka. Mafaili hayakutoka, lakini daftari la ndani la diski lilisomeka. Kosa la zamani kuliko yote yaliyosomeka lilikuwa limeandikwa karibu saa 700 za kazi kabla ya siku ile. Kwa ofisi inayofungua saa nane kwa siku, hiyo ni kama miezi minne. Kwa miezi minne diski ilikuwa ikiandika kwamba inaumwa, na sisi hatukufungua daftari hata siku moja. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu yalikuwepo, ila hatukutazama juu.

1. Daftari hili ni nini?

Ndani ya diski mna kompyuta ndogo inayoiendesha. Kazi yake mojawapo ni kujichunguza na kuandika inachokiona: imewashwa saa ngapi, imeshindwa kusoma mara ngapi, imepata joto kiasi gani. Utaratibu huu huitwa SMART. Mwanzo wake ni miaka ya 1990, pale kampuni ya IBM ilipoweka mfumo wa tahadhari katika diski zake mwaka 1992, na kampuni ya Compaq pamoja na watengenezaji wa diski wakafuata na mfumo wao. Baadaye watengenezaji walikubaliana lugha moja. Tangu hapo karibu kila diski inayouzwa ina daftari hili, hata ile ya kompyuta kuukuu iliyotolewa msaada.

Diski hugawanyika katika vyumba vidogo vingi sana viitwavyo sekta, na maandishi yetu hukaa humo. Kiwandani huwekwa pia sekta za akiba. Sekta moja ikiharibika, diski huacha kuitumia na kuweka ya akiba mahali pake. Hufanya hivyo kimya kimya, bila kumwambia mtumiaji. Ndiyo maana kompyuta inaweza kuonekana nzima huku akiba ikiendelea kuliwa.

2. Namba za kutazama

Daftari lina mistari mingi, na majina yake kwenye kioo ni ya Kiingereza. Msiogope. Kila mstari una namba yake, na namba hizo kwa diski za kawaida ni zile zile. Kwa kamati inatosha kujua hizi:

Namba 5: sekta mbovu ambazo tayari zimebadilishwa kwa zile za akiba.

Namba 197: sekta zinazotiliwa shaka. Diski imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuona kama zitapona au zitabadilishwa.

Namba 198: sekta zilizoshindikana kusomeka diski ilipojikagua yenyewe.

Namba 199: makosa yaliyotokea njiani, kwenye waya kati ya diski na kompyuta.

Namba 9: saa ambazo diski imekuwa imewashwa tangu itoke kiwandani.

Katika kila mstari tazameni safu ya mwisho yenye hesabu halisi. Namba 5, 197 na 198 zinatakiwa kuwa sifuri. Zikiwa na hesabu, ugonjwa umo ndani ya diski. Ikipanda namba 199 peke yake, mara nyingi diski ni nzima na tatizo ni waya au mahali unapochomekwa. Hapo ndipo kamati nyingi hupoteza fedha, maana dalili za nje zinafanana kabisa.

3. Kusoma orodha ya makosa

Zaidi ya hesabu hizi, diski hutunza maelezo ya makosa yenyewe. Orodha fupi ina jumla ya makosa yote na maelezo ya matano ya mwisho. Diski nyingi zina pia orodha ndefu zaidi. Katika kila kosa tafuteni mambo mawili.

La kwanza ni aina ya kosa, inayoandikwa kwa herufi. UNC maana yake diski ilikwenda kwenye sekta na haikuweza kusoma kilichomo. Hilo ni kosa la diski yenyewe. ICRC maana yake taarifa ziliharibika zikiwa njiani. Hapo tazameni waya kwanza.

La pili ni saa ya kosa. Diski haiandiki tarehe, huandika saa zake za kuwashwa. Kwa hiyo toeni saa ya kosa katika saa za sasa zilizo kwenye namba 9. Tuchukue mfano. Namba 9 inasema 11,240 na kosa la mwisho liliandikwa saa ya 11,232. Tofauti ni saa 8, yaani kosa ni la jana au la leo. Lakini kama kosa la mwisho ni la saa ya 3,100, tofauti ni saa 8,140. Kwa ofisi ya saa nane kwa siku, hizo ni zaidi ya siku 1,000 za kazi. Diski ilikwazwa zamani na tangu hapo imetulia. Makosa matano ya jana na matano ya miaka minne iliyopita hayana uzito mmoja.

4. Kompyuta mbili, lalamiko moja

Baada ya msiba ule wa orodha tuliletewa kompyuta mbili katika wiki moja. Zote zilikuwa nzito, zikikwama dakika nzima mtu anapofungua faili. Shauri tulilopewa mahali zilikopelekwa kwanza lilikuwa moja: diski zote mbili zimekufa, nunueni nyingine. Tulisoma madaftari kabla ya kufungua mkoba.

Ya kwanza ilikuwa na sifuri kwenye namba 5, 197 na 198. Namba 199 ilikuwa juu, na makosa yote matano yalikuwa ICRC ya siku zile zile. Tulizima kompyuta, tukatoa waya wa diski na kukuta ncha yake imeota kutu ya kijani. Tuliweka waya mpya wa bei ndogo. Hapa kumbukeni jambo moja: namba 199 hairudi sifuri baada ya kutengeneza, kwa kuwa daftari halifuti yaliyopita. Dalili ya kupona ni kwamba namba hiyo imeacha kupanda. Kwetu iliacha.

Ya pili ilikuwa na 40 kwenye namba 5, 16 kwenye namba 197, na makosa ya UNC ya juzi na jana. Hatukuijaribu wala kuitengeneza. Siku hiyo hiyo tulinakili mafaili yote kwenda diski nyingine, tukianza na yale yasiyo na karatasi. Mafaili mawili tu yalikataa kunakilika. Yote mawili yalikuwa picha za kurasa za kitabu cha ubatizo, na kitabu chenyewe kiko kabatini, hivyo tukazipiga upya. Diski ilistaafishwa.

Lalamiko lilikuwa moja, lakini tiba zilikuwa mbili tofauti. Bila daftari tungenunua diski mbili na kupoteza muda, au tungechukulia zote ni waya na kupoteza kumbukumbu.

5. Mazingira yetu ya Pemba

Kisiwa chetu kina mvua nyingi na hewa ya bahari yenye chumvi. Ncha za waya huota kutu upesi, hivyo namba 199 ni mstari wa kutazamwa sana kwetu. Jambo la pili ni umeme. Hadi mwaka 2010 Pemba ilitegemea jenereta za dizeli za Wesha, kisha ikaunganishwa na gridi ya taifa kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada wa Norway. Hali ilibadilika sana. Lakini umeme ukikatika ghafla diski inaandika, madhara ni yale yale popote ulikotoka.

Hata hili diski hulihesabu. Namba 12 ni mara ngapi imewashwa, na kwa diski nyingi zinazozunguka namba 192 hupanda umeme unapokatika bila kompyuta kuzimwa vizuri. Namba 192 ikipanda kila wiki, kabla ya kulaumu diski nunueni UPS, na muwafundishe watumishi kuzima kompyuta kwa utaratibu badala ya kuzima ukutani.

Kompyuta mpya nyingi zina diski za SSD zisizozunguka. Nazo zina daftari, ingawa baadhi ya mistari ni tofauti. Katika aina ya NVMe tazameni asilimia ya uhai iliyotumika, makosa ya kumbukumbu, na idadi ya mara ilizokatiwa umeme bila kuagwa. Flashi za kawaida hazina daftari la kutegemewa. Flashi ni ya kubebea faili na isiwe ghala la pekee la kumbukumbu za mradi.

6. Tusidanganywe na neno PASSED

Programu nyingi huanza kwa hukumu ya jumla. Zikiandika PASSED, watu hufurahi na kufunga. Neno hilo maana yake ni kwamba diski haijavuka mpaka uliowekwa na mtengenezaji, na mpaka huo huwa uko mbali sana. Ile kompyuta yetu ya pili iliandika PASSED siku ile ile tuliyoikuta na sekta 16 zisizosomeka. Someni mistari yenyewe.

Kwa upande mwingine, daftari safi halitoi dhamana. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa matokeo ya kuchunguza diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski ikishapata kosa lake la kwanza la kujikagua, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 kuliko diski isiyo na kosa hilo. Lakini waliona pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonesha hata moja ya dalili nne kubwa walizozifuatilia. Somo lake ni hili: daftari likionya, amini na utende leo. Daftari likinyamaza, endelea kuweka nakala kama kawaida.

7. Hatua za kufuata

a) Chagueni programu. Kwa Windows, CrystalDiskInfo kutoka Japani ni ya bure na huonesha rangi: bluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Angalieni kwamba hesabu zake huweza kuonekana kwa mtindo wa kompyuta, ambapo 10 maana yake ni 16. Badilisheni mpangilio zionekane kwa hesabu ya kawaida. Kwa Linux na hata Windows kuna smartmontools, iliyoanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Bruce Allen. Kwenye Linux, fundi akiwa na ruhusa ya msimamizi aandike smartctl -a /dev/sda, au aweke -x badala ya -a ili kupata orodha ndefu.

b) Mkiona hesabu kwenye 197 au 198, au makosa mapya ya UNC, nakilini kwanza. Msiendeshe programu ya kutengeneza diski na msianze kipimo kirefu kabla ya kunakili. Kazi hizo huisumbua diski yote, na mgonjwa aliye taabani hakimbizwi uwanjani ili apimwe.

c) Mkishanakili, fanyeni kipimo. Kifupi (smartctl -t short) huchukua dakika chache. Kirefu (-t long) hupitia diski nzima na huweza kuchukua saa nyingi, hivyo kianzeni siku ambayo umeme ni wa uhakika. Matokeo husomwa kwa smartctl -l selftest.

d) Kama ni namba 199 peke yake, badilisheni waya, kisha soma tena baada ya wiki moja.

e) Diski ya nje ikikataa kuonesha daftari, huenda kasha lake la USB ndilo linaloficha. Fundi anaweza kujaribu kuongeza -d sat, au kuitoa na kuichomeka moja kwa moja.

f) Fungueni kadi ya diski. Kila mwezi andikeni tarehe na namba 9, 5, 197, 198 na 199. Mama hajui afya ya mtoto kwa uzito wa siku moja, hujua kwa mstari unaopanda au kushuka kwenye kadi ya kliniki. Diski iliyokaa na sekta 4 mbovu kwa miaka mitatu inaweza kuendelea na kazi nyepesi mkiwa na nakala. Iliyotoka 0 hadi 4 hadi 30 ndani ya miezi miwili iondoeni.

g) Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini, na moja ivuke bahari kwenda ofisi nyingine Unguja au Dar es Salaam. Majina ya walengwa ni amana, hivyo nakala zote zifungwe kwa neno la siri.

8. Neno kwa wafadhili

Tunaomba bajeti za kompyuta zisiishie kwenye kununua. Diski ya nje, UPS na muda wa mtumishi wa kusoma daftari kila mwezi ni vitu vya gharama ndogo, lakini mara nyingi hukatwa kwanza kwenye maombi. Sisi kwa upande wetu tumekubaliana kwamba ombi lolote la kununua diski au kompyuta mpya liambatane na karatasi ya daftari la diski ya zamani, ili kamati na mfadhili waone wenyewe kama kinachohitajika ni diski au waya.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Kompyuta yetu ikikataa kuwaka kesho asubuhi, ni kumbukumbu gani hatutaweza kuziandika upya?
2. Nani kati yetu atashika kadi ya diski, na nani atamkumbusha?
3. Nakala ya mwisho ilifanywa lini, na je, tumewahi kuifungua kuhakikisha inasomeka?
4. Umeme hukatika ghafla mara ngapi kwa wiki hapa kwetu, na watumishi wetu hufanya nini?

Hitimisho

Katika Mathayo 25 mtumwa mmoja alizika talanta aliyokabidhiwa, na bwana wake alipofika alitaka hesabu. Majina ya wanakijiji, vitabu vya ubatizo na hesabu za fedha za watu vimewekwa mikononi mwetu, nasi tumeviweka ndani ya kisanduku kinachochakaa. Kuchakaa si dhambi, kila kifaa huchakaa. Kosa letu lilikuwa kutokuuliza.

Orodha ya kaya iliandikwa upya na matangi yakajengwa. Yule mama mzee alipata lake. Jina lake sasa liko katika nakala tatu, na kadi ya diski linamokaa husomwa kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Tunawasihi nanyi muanze mwezi huu.

Mungu awabariki katika utumishi wenu.

Mratibu wa Miradi, Ofisi ya Pemba